Sandali ya elfu tano inatoka mti gani?

Jamani mmenijazia simu. Toka niseme mwezi uliopita kwamba kwenye mafuta yote ya kunukia mi napenda sandali kuliko hata lavenda, basi meseji hazikomi, wengine mnauliza ya usingizi, wengine ya harusi, yupo na mmoja anataka kuyanywa kabisa, huyo nimemweka katikati huko ili nikifika kwake niwe nishapoa. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine, nimezifupisha, na majina kamili nimeyaacha kama kawaida yetu.

Shangazi shikamoo. Nimenunua mafuta ya sandali Kariakoo, kichupa cha mililita 10 kwa shilingi elfu tano, muuzaji kaniapia ni orijino kutoka India. Nikifungua tu harufu inapiga kichwa, lakini nikipaka mkononi nusu saa haipo tena, na ngozi inawasha kidogo. Au ndo nimepigwa? (Mama Abdul, Tanga)

Marahaba mama Abdul. Umepigwa, na wala sina haja ya kukinusa.

Tupige hesabu ya dukani tu. Mafuta halisi ya sandali ya India yanatoka kwenye mti unaoitwa Santalum album, na kilo moja ya mafuta hayo kwa wale wanaonunua kwa jumla inazidi dola 1,000, mara nyingi inazidi mbali. Kichupa chako kinabeba karibu gramu 10. Kwa hiyo mafuta peke yake, kabla ya chupa na lebo na meli na ushuru na faida ya huyo kijana aliyekuapia, ni dola 10 kwenda juu, sema elfu ishirini na tano za kwetu. Sasa mtu akuuzie elfu tano, yeye anakula nini?

Ughali wake una sababu. Mti wenyewe hauna haraka, harufu inakaa kwenye kiini cha mbao na kwenye mizizi, ile mbao nyeupe ya nje hainukii, na kiini chenye mafuta ya maana unakisubiri miaka 15, mingine 30. Alaf tofauti na mkarafuu ambao unachuma na kesho upo, sandali ili uipate unaung'oa mti na mizizi yake yote. Mbao inasagwa, inatiwa kwenye mtungi mkubwa inapigwa mvuke, yale yale wanayofanya Pemba kwenye kiwanda cha makonyo ya karafuu pale Wawi, ila sandali haitoi mafuta yake kirahisi, inaweza kupigwa mvuke siku mbili hata tatu mfululizo. Huo moto wote una bei yake.

Na hapo hapo ndo utamjua sandali wa kweli kwa tabia yake. Kitu kinachompa ile harufu kinaitwa santalol, ipo alfa na ipo beta, na kile kiwango cha kimataifa cha ISO kinataka alfa santalol iwe asilimia 41 mpaka 55 ya mafuta. Santalol ni nzito, hairuki ovyo. Ndo maana mafuta halisi ni mazitomazito, rangi ya njano iliyofifia, ukifungua chupa unaweza hata ukadhani hayanukii, harufu ni ya taratibu, ya mbao, ina ukama-maziwa na utamu wa mbali, lakini ukipaka tone asubuhi adhuhuri bado unalisikia. La kwako linafanya kinyume chake, linakuja na kelele linaondoka mapema.

Sijui ndani mna nini mama, ila vitu vinavyouzwa kwa jina la sandali navijua. Kuna harufu za kutengenezwa kiwandani zilizozimuliwa kwenye kimiminika kisichonukia, hizi ndo nyingi. Kuna mafuta ya amyris, mti wa Haiti ambao wafanyabiashara waliubatiza sandali ya West Indies wakati ni wa ukoo wa milimao huko, hauna undugu wowote na sandali. Si mabaya, bei yake ni ya kawaida, tatizo ni jina tu. Kuna sandali ya Australia, Santalum spicatum, huyu ni ndugu wa damu lakini santalol yake ni kidogo na harufu yake kavu zaidi. Na hapa msichanganyikiwe, manake ile Santalum album yenyewe ya India saivi inapandwa pia Australia, kule Kununurra kaskazini magharibi, kwa hiyo ukiona Australia kwenye lebo usikimbie, soma jina la kilatini. Lebo isiyo na jina la kilatini, nchi, na namba ya toleo, rudisha kabatini kwa mwenyewe. Muuzaji wa kueleweka ukimwomba ripoti ya maabara inayoonyesha santalol ni asilimia ngapi anakutumia, hanuni.

Halafu ile ya kudondosha tone kwenye karatasi, kwamba likiacha doa ni feki, kwa sandali haifanyi kazi. Sandali halisi ni nzito na yenyewe itaacha doa siku nyingi tu.

Hicho kichupa usipake tena. Weka matone kwenye pamba utie kwenye kabati la nguo, elfu tano yako isipotee bure. Na kama mfuko hauruhusu sandali halisi, bora ununue mafuta ya mwerezi yaliyoandikwa mwerezi kuliko sandali ya uongo. Mwerezi una harufu yake ya mbao safi, kama penseli iliyochongwa sasa hivi, bei inabebeka, na nondo hawaipendi nguo iliyonukia mwerezi. Tena hata huku kwetu upo, mwangati wanavoita Tanzania, Kenya wanaita mutarakwa, ule mti wa nguzo za fensi za Aberdare na Mau, ndo Juniperus procera wenyewe.

Shangazi, naolewa baada ya Ramadhani inshallah. Nyanya yangu anataka kunisagia liwa kwa msio kila siku na mimi naona ni kazi ya zamani hiyo, nataka ninunue mafuta ya sandali nitie kwa singo ya kusugua mwili na kwa maji ya kuoga, yaishe. Amekasirika hata hanisemeshi. Nani ana haki? (Bi harusi mtarajiwa, Mombasa)

Nyanya.

Hongera kwanza mwanangu, Mungu akukamilishie. Sasa sikiliza, liwa ya nyanya na mafuta ya chupa ni vitu viwili japo vinanukia kindugu. Nyanya anachukua kipande cha mbao ya sandali anakisugua kwenye jiwe na marashi ya mawaridi, anapata uji, unapaka, unakauka, unapoza ngozi, ukiusugua unaondoka na taka za juu. Ndani ya ule uji mna mafuta kidogo sana na yamefungwa kwenye unga wa mbao, ndo maana bibi zetu walijipaka uso mzima wakashinda nayo, na Wangazija mpaka leo wanawake wanatembea na msindzano, uji wao wa sandali, usoni jua kali na hakuna anayelalamika. Mafuta ya chupa ni habari nyingine. Mbao nzuri kilo mia inatoa mafuta kilo nne mpaka sita hivi, ukigawanya vizuri utaona tone moja ni kama gramu nzima ya kiini cha mbao. Wewe unataka umwage matone ishirini kwenye beseni!

Na kwenye maji ndo kabisa. Mafuta hayachanganyiki na maji, yanaelea, ukiingia yanakuganda hapo hapo yalipo, na ukiwa na bahati mbaya yanakuganda sehemu ambayo hukutaka kugandwa. Kama lazima uoge nayo, changanya matone matatu manne kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi kwanza, ujipake mwilini kisha ndo uoge.

Kwenye singo sikukatazi. Singo ina mawaridi, asumini, langilangi, na kila nyumba ina siri zake, ukitia matone mawili ya sandali halisi kwenye bakuli hautaharibu kitu, kinyume chake yatasaidia. Sandali ina kazi moja ambayo watengeneza manukato wanaipenda kupita zote, inazishika harufu nyingine. Asumini na langilangi ni wepesi wa kuruka, ukiwaweka juu ya sandali wanakaa. Kule Kannauj India attari wamefanya hivo miaka na miaka, wanapika mawaridi na mvuke wake wanaupokea ndani ya mafuta ya sandali, ndo attar hiyo mnayonunua vichupa vidogo.

Ukitaka mafuta ya mwili, kipimo changu ni hiki: mililita 30 za mafuta ya nazi au ufuta, tia matone 12 ya sandali, hapo uko kwenye asilimia mbili na usipande zaidi. Ya uso tia 6. Kabla ya yote paka kidogo ndani ya mkono, uache siku moja mpaka mbili uone, wapo watu sandali inawaletea aleji kama kitu kingine chochote, na usije ukagundua hilo wiki ya harusi. Siku ya kutoa nywele kwa waksi usipake kitu chochote cha harufu.

Na kwa kuwa umeniuliza ya harusi wacha niseme na hili hata kama hukuniuliza, mi kinachonitisha kwa mabibi harusi wala si sandali, ni piko. Ile rangi nyeusi ya kuchorea ina dawa ya kupaka nywele inayoitwa PPD, nimeona mikono imevimba malengelenge kwa mchoro wa ua. Hina nyekundu inatosha, na nyanya nina hakika atakuunga mkono.

Dada habari, mi nesi, nafanya zamu za usiku Dodoma, mchana nikilala usingizi hauji. Mwenzangu kaniambia ninunue difyuza, kile kimashine cha kusambaza harufu, na mafuta ya sandali ntalala kama mtoto. Ni kweli au ni biashara tu? (Baba Junia)

Vyote viwili, kaka.

Utafiti wa sandali na usingizi upo lakini ni mdogomdogo, wa watu wachache, kwenye maabara wameona panya wanatulia na watu wengine mapigo na presha vinashuka kidogo. Hakuna mtu mkweli atakayekuambia sandali ni dawa ya usingizi. Lakini mi naipa nafasi kwa sababu nyingine, nayo ni mazoea. Pua ina njia fupi sana ya kwenda kwenye ile sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu na hisia, kwa hiyo harufu ile ile, saa ile ile, kila unapojiandaa kulala, mwili unaanza kujua kumbe ndo muda wenyewe. Hapo hata mwerezi ungefanya kazi, na pengine hata sabuni ya kufulia ya mama yako. Sandali ina faida kwamba haina ukali, haikuamshi kama mchaichai au minti.

Namna ya kutumia, difyuza ya maji ya kawaida tia matone matatu mpaka matano basi, iwashe nusu saa kabla hujalala, chumba kiwe na upenyo, alaf izime. Hakuna faida ya kuiacha mpaka uamke, pua yenyewe ikishazoea haisikii tena na unachoma pesa. Na kwa kuwa sandali ni nzito kwenye difyuza inachelewa kutoka, watu wengi wanaichanganya na tone mbili za lavenda zimvute. Ukimaliza safisha difyuza kwa pamba na spiriti, manake mafuta mazito yanagandamana chini mashine inakufa, hilo wauzaji hawasemi.

Kama huna difyuza usinunue. Tone moja kwenye kitambaa weka pembeni ya mto, inatosha kabisa.

Nyumbani kukiwa na mtoto mchanga, mtu mwenye pumu au paka, zungumza nao kwanza, yaani mtoto na paka hawazungumzi ila unanielewa. Usiwashe chumba wanacholala. Wengine mnaniuliza mbona udi tunafukiza na watoto wamo ndani, ndo nawaambia chetezo kinatoa moshi, na moshi ni moshi hata ukinukia pepo, mwenye pumu hauchagui.

Ila kaka mapazia mazito na simu nje ya chumba ndo vianze. Sandali ije nyuma.

Mjomba wangu ana tatizo la mkojo kuchoma, mzee mmoja wa dawa kamwambia awe anakunywa matone 10 ya mafuta ya sandali kwenye maziwa asubuhi na jioni. Je ni salama? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Asinywe.

Wala huyo mzee hajalitoa hewani, kuna historia. Kabla ya antibayotiki kugunduliwa, Ulaya madaktari waliwapa watu vidonge vya mafuta ya sandali kwa ajili ya kisonono, ilikuwemo mpaka kwenye vitabu rasmi vya dawa vya Uingereza. Ilipokuja penisilini wakaiacha kwa sababu penisilini inaponya na sandali ilikuwa inawasumbua watu matumbo na figo. Sasa sie tukairudie ya nini? Mkojo kuchoma kwa mzee inaweza kuwa uchafu wa njia ya mkojo, inaweza kuwa tezi dume, inaweza kuwa sukari, na kituo cha afya ndo wanajua cha kupima, wakianzia na kikombe kimoja cha mkojo. Mpeleke mjomba wiki hii hii. Na kama hicho kichupa ni ndugu wa kile cha mama Abdul hapo juu, hata hatujui angekuwa anakunywa nini.

Mambo shangazi. Nimeona video mtu anasema sandali oil imethibitishwa na wanasayansi inaponya vidonda, inaotesha nywele na inamaliza chunusi. Mi nywele za mbele zimeanza kunikimbia na nina miaka 27 tu, nisaidie. (Kijana wa Mbezi)

Poa mwanangu, pole na nywele.

Hiyo video imechukua ukweli ikaupindisha. Mwaka 2014 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Ruhr kule Bochum Ujerumani walionyesha kwamba seli za ngozi zina kipokezi cha harufu, kile kile cha aina ya kwenye pua, kinaitwa OR2AT4, na harufu ya sandali ikikigusa seli zinagawanyika na kusogea haraka, kitu kinachosaidia kidonda kuziba. Ajabu kweli, ngozi inanusa! Mwaka 2018 wengine wakajaribu kwenye vinyweleo vya kichwa vilivyotolewa kwa mtu na kuwekwa maabara, vikadumu zaidi kwenye hatua ya kukua. Sasa shika hapa: walichotumia kinaitwa Sandalore, ni harufu ya kutengenezwa kiwandani inayofanana na sandali. Haikutoka kwenye mti. Yaani katika kisa kizima hiki mafuta ya sandali yenyewe hayamo. Mtu anayekuuzia Santalum album ya laki kwa kutumia utafiti wa Sandalore ama hajausoma au kausoma akakuona wewe.

Chunusi nako kuna majaribio madogo yalitoa matokeo mazuri, lakini kwenye hiyo dawa sandali ilichanganywa na asidi ya salisiliki, ambayo ni dawa ya chunusi inayojulikana miaka yote. Nani kafunga goli, hatuwezi kusema. Mi kwa chunusi ningeanza na hiyo salisiliki ya famasi, bei ya soda mbili tatu huko, sandali nijipake kwa sababu nanukia vizuri.

Nywele za mbele kwa kijana wa 27 mara nyingi ni za ukoo, muangalie babu mzaa mama na mzaa baba. Daktari wa ngozi ana dawa zake na zinafanya kazi zaidi ukiwahi.

Shangazi niaje, niko upande wa Maralal. Huku kuna watu wanakuja na pikipiki usiku wananunua mizizi ya sandali kwa kilo, vijana wanachimba. Mimi nimefikiria badala ya kuuza mizizi kwa hao mabroka, nitafute mashine nitoe mafuta mwenyewe niuze kwa watu wa aromatherapi, hao wa tiba ya mafuta ya kunukia. Hii biashara iko sawa ama nitashikwa? (Msomaji, Samburu)

Utashikwa. Na nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu wewe ndo umegusa penyewe, wengine wote humu wanauliza kuhusu chupa, hakuna aliyeuliza kuhusu mti.

Hiyo sandali ya kwenu si ile ya India. Ni Osyris lanceolata, nyie Wasamburu mnaiita losesiai, kichaka cha kwenye miamba na makorongo makavu, wazee wanachemsha mizizi yake na magome kwa supu na chai toka enzi. Iko Samburu, Baringo, Pokot, Marsabit, Kajiado, Taita, na Tanzania iko pia. Ni ya kundi moja kubwa la mimea na ile ya India lakini santalol yake ni kidogo, viwanda vinaitaka hasa kwa ile kazi niliyomwambia bi harusi, ya kushikilia manukato mengine, na kwa kuchakachulia ile ya bei. Ndo chanzo cha hao wa pikipiki. Sandali ya India ilipokwisha msituni na serikali yao kubana, wanunuzi wakageukia huku.

Rais Kibaki alipiga marufuku uvunaji wake Kenya mwaka 2007. Mwaka 2013 nchi zilikubaliana kuiweka kwenye Kiambatisho cha pili cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa Kenya, Tanzania, Uganda, Burundi, Rwanda na Ethiopia, yaani kuivusha mpaka bila kibali ni kosa hata kama umeibadilisha ikawa mafuta. Kwa hiyo mashine yako haikuokoi. Mzigo unaokamatwa barabarani mara nyingi unakuwa unaelekea Uganda, na anayekamatwa ni dereva na kijana wa kuchimba, mwenye pesa huwa yuko hotelini mahali.

Lakini hata sheria tuiweke pembeni. Mti huu una vitu viwili vinavyoumaliza. Kwanza mafuta mengi yako kwenye mizizi, kwa hiyo hawakati tawi, wanang'oa. Pili kuna miti dume na miti jike, na wachimbaji wanaifuata zaidi ile mijike wakisema ndo yenye mafuta. Sasa ukimaliza majike, madume yaliyobaki yatazaa na nani? Mlima unaweza kuonekana bado una sandali, na hakuna mbegu hata moja itakayodondoka. Hapo sisemi kama mtu wa mazingira, nasema kama mtu anayependa hiyo harufu na angetaka wajukuu waijue.

Kuipanda nako kuna kazi. Ni nusu-kupe, sandali zote ziko hivo hata ya India, zina majani yake ya kijani zinajipikia kiasi lakini mizizi inajishikiza kwenye mizizi ya mti jirani inanyonya maji na chumvichumvi. Ukiupanda peke yake kwenye shamba safi lililolimwa vizuri unakufa, lazima uwe na jirani wa kumnyonya. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, wamefanya kazi ya kuiotesha miaka sasa, ukitaka kuingia kwenye hii biashara kwa mlango wa mbele, hao ndo wa kuwaendea, uliza miche, uliza mti jirani gani unafaa udongo wenu, na uliza KFS, shirika la misitu la Kenya, kibali kinakuwaje kwa mti uliopanda mwenyewe. Najua utaniambia shangazi mimi nataka hela ya mwaka huu. Ya mwaka huu haipo kwenye sandali kaka, huo ndo ukweli, ipo kwa broka tu.

India walipita njia hiyo hiyo. Tipu Sultan kule Mysore aliutangaza mti wa kifalme mwaka 1792, na serikali zilizofuata zikaendelea hivo hivo, mti ukiota hata kwenye shamba lako si wako. Matokeo yake mkulima akiona mche anaung'oa mapema asije akapata usumbufu, na anayefaidi ni mwizi. Kuna mmoja aliitwa Veerappan, alisumbua misitu ya kusini kwa sandali na pembe za ndovu miaka mingi, akaua watu wengi, mpaka polisi walipomuua mwaka 2004. Sheria yenyewe Karnataka, lile jimbo lenye Mysore, waliilegeza mwaka 2001, mkulima akaruhusiwa kumiliki mti aliopanda, watu wakaanza kupanda. Mi naona huku kwetu marufuku peke yake bila kumpa mtu wa Samburu sababu ya kuutunza mti, pikipiki zitaendelea kuja.

Na nyie wanunuzi wa mjini mkiletewa sandali ya Afrika Mashariki kwa bei ya kirafiki, muulizeni aliyeleta kibali chake kiko wapi.

Assalam aleikum. Mama mkwe kaniletea udi na mafuta ya sandali kutoka Salalah, nimeambiwa ni kitu kimoja ila kimoja cha kuchoma kingine cha kupaka. Ni kweli? Na yanakaa muda gani? (Umm Salim, Muscat)

Waaleikum salaam. Si kweli, ni miti miwili tofauti. Udi ni mti wa Aquilaria wa Asia huko kusini mashariki, na mti wenyewe ukiwa mzima haunukii, mpaka ujeruhiwe au uingiwe na kuvu ndo unatoa utomvu mweusi wa kujikinga, mbao yenye utomvu huo ndo udi. Sandali inanukia bila kuugua. Udi wa mapande halisi ni ghali kuliko sandali, kwa hiyo mama mkwe anakupenda, ila vile vya kuviringisha na sukari huwa mna sandali ya unga ndani kwa wingi na marashi, navyo ni vizuri kwa nyumba, usividharau.

Mafuta ya sandali hayana haraka ya kuharibika. Ya machungwa na ndimu mwaka mmoja yashabadilika, sandali miaka kadhaa inazidi kuwa laini, mradi chupa iwe ya kioo cheusi, imefungwa vizuri, haikai dirishani wala bafuni. Usiihamishie kwenye plastiki. Na ikizidi uzito kidogo kwa baridi ya eyisii hapo Muscat usiitupe, ishike kiganjani italainika.